Maisha ya Ernest Hemingway, Mtungaji wa Hadithi ya Theluji za Kilimanjaro

Mhariri wa gazeti letu ameniomba muhula huu niandike maisha ya mtunga hadithi mmoja mashuhuri. Nimemchagua Bwana Ernest Hemingway wa Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, alilipeleka jina la mlima wetu mbele ya mamilioni ya watu ambao hawajapata kuuona kwa macho yao. Pili, katika miaka yangu ya kufundisha hapa Moshi nimewaona vijana wengi wenye kipawa cha kutunga, na karibu wote huniambia kwamba wataandika baadaye: wakimaliza mtihani, wakipata kazi, wakipata nafasi. Hadithi aliyoitunga mtu huyu juu ya Kilimanjaro ni hadithi ya mwandishi aliyesema hivyo hivyo mpaka siku zake zikamwishia. Kwa hiyo habari zake zatuhusu sisi tunaokaa chini ya mlima huu.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Ernest Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto sita. Baba yake alikuwa daktari, na mama yake alikuwa mwimbaji na mwalimu wa muziki. Mama alitaka mwanawe ajue muziki, akamfundisha kupiga zeze kubwa liitwalo cello. Baba naye alimchukua kila kiangazi kwenye ziwa moja katika jimbo la Michigan, akamfundisha kuvua samaki, kushika bunduki, na kutambua miti na ndege wa porini. Mtoto aliupenda mwitu kuliko zeze. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, magazeti ya Marekani yalijaa habari za Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa nchi hiyo, ambaye mwaka 1909 alikuja kuwinda Afrika ya Mashariki. Hamu ya kuiona nchi yetu ilianza kumwingia tangu siku hizo.

Shuleni aliandika katika gazeti la wanafunzi, kama waandikavyo wengine wenu humu. Alipomaliza shule mwaka 1917 hakwenda chuo kikuu. Alipata kazi katika gazeti la Kansas City Star, akakaa huko miezi sita hivi tu. Lakini miezi hiyo sita ilimfaa kuliko miaka mingi. Gazeti lile lilikuwa na karatasi ya kanuni kwa waandishi wake wote: sentensi ziwe fupi, maneno yawe na nguvu, na lisilo na kazi liondolewe. Hemingway alisema baadaye kwamba hakupata kufundishwa kanuni bora kuliko hizo katika kazi ya kuandika.

VITA NA JERAHA

Mwaka 1918 alikwenda Italia kuendesha motokaa ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu, maana Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa haijaisha. Usiku wa tarehe 8 Julai, siku chache kabla ya kutimiza miaka 19, kombora lilianguka karibu naye alipokuwa akiwagawia askari chakleti na sigara. Vipande zaidi ya 200 vya chuma viliingia miguuni mwake. Alilazwa hospitali mjini Milan miezi mingi, akampenda muuguzi mmoja aliyekuwa akimhudumia. Muuguzi yule hakuolewa naye. Miaka kumi na moja baadaye jeraha hili na penzi hili viligeuka kitabu, A Farewell to Arms. Yafaa tuangalie jambo hili: mambo yaliyompata akiwa kijana hakuyaandika siku ile ile. Aliyaweka moyoni mpaka akaweza kuyatazama bila kutetemeka.

PARIS NA WALIMU WAKE

Mwaka 1921 alimwoa Bibi Hadley Richardson, wakahamia Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Walikuwa vijana wasio na fedha nyingi. Yeye aliandikia magazeti habari za vita na mikutano ya Ulaya ili wapate kula, na saa zilizobaki alijifunza kutunga.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wanafunzi huniuliza kama mtunga hadithi huzaliwa au hufundishwa. Hemingway alifundishwa na watu wengi, wengine hai na wengine wafu. Bibi Gertrude Stein, Mmarekani aliyekaa Paris, alimwonyesha jinsi neno moja linavyoweza kurudiwa likazidi kuwa na nguvu, kama mwito wa ngoma. Ezra Pound, mshairi, alimfundisha kuyashuku maneno ya sifa, yale ambayo wanafunzi wetu huyamwaga katika insha kama sukari katika chai. Bibi Sylvia Beach, mwenye duka la vitabu liitwalo Shakespeare and Company, alimruhusu kuazima vitabu hata siku alipokuwa hana fedha ya ada. Katika duka hilo alizisoma hadithi za Warusi, Tolstoy, Turgenev na Chekhov. Kutoka kwao wakubwa kwao alimheshimu Mark Twain, na alikishika kitabu cha Huckleberry Finn kuwa ndicho shina la hadithi zote za Marekani za siku hizi.

Tena alijifunza kwa wasioandika. Alikuwa akienda mara kwa mara kutazama picha za Cézanne, mchoraji wa Kifaransa, apate kujua jinsi mchoraji yule alivyochora mlima na miti kwa rangi chache na bado mtazamaji akauona mlima mzima. Hemingway alitaka kufanya vivyo hivyo kwa maneno.

Ndipo akapata kanuni yake kubwa. Alisema kwamba hadithi njema ni kama kilima cha barafu kielelacho baharini: sehemu moja tu katika nane huonekana juu ya maji, na saba zimo chini. Mwandishi akijua vizuri jambo analoandika, aweza kuliacha bila kulitaja, na msomaji atalihisi. Asipolijua, akaliacha, pataonekana shimo. Sisi hatuna vilima vya barafu baharini, lakini tunazo chemchemi za Njoro. Maji yake yatoka mlimani, yapita chini kwa chini mahali ambapo hapana mtu ayaonaye, kisha yatokea mjini yakiwa baridi na safi. Mtu akinywa maji ya Njoro anywa mlima, ingawa haoni mlima ndani ya kikombe. Nadhani Hemingway angeuelewa mfano huo.

SANDUKU LILILOPOTEA

Mwezi Desemba 1922 mumewe Hadley alikuwa Lausanne, katika Uswisi, akiandika habari za mkutano wa amani. Hadley alitaka kumfurahisha. Alikusanya karibu miswada yote iliyokuwa nyumbani, asili na nakala zake, akaitia katika sanduku dogo, akapanda treni. Katika stesheni ya Gare de Lyon mjini Paris sanduku likaibiwa. Kazi ya miaka kadhaa ikapotea, wala haikuonekana tena mpaka leo. Zilisalia hadithi mbili hivi: moja ilikuwa imepelekwa kwa mhariri mmoja, na nyingine ilikuwa imesahauliwa ndani ya saraka.

Wengi wangekata tamaa. Yeye aliumia sana, lakini akaanza tena. Mwaka 1923 alitoa kijitabu cha kwanza, Three Stories and Ten Poems. Mwaka 1925 ilitoka In Our Time, mkusanyo wa hadithi fupi, na mwaka 1926 The Sun Also Rises, hadithi yake ndefu ya kwanza iliyompa jina. Mswada wa kwanza wa hadithi hii aliumaliza kwa majuma machache ya mwaka 1925. Halafu rafiki yake Scott Fitzgerald, naye mtungaji, akamshauri aondoe kurasa za mwanzo. Hemingway alikuwa mtu mwenye kiburi, lakini ushauri ule aliufuata, na kurasa zikaondolewa.

JINSI ALIVYOFANYA KAZI

Desturi yake ya kazi yafaa kuigwa. Aliamka alfajiri, kabla jua halijapanda na kabla watu hawajaanza kumsumbua. Mara nyingi aliandika akiwa amesimama, karatasi zikiwa juu ya rafu ya kifua chake, na mwanzo wa jambo aliuandika kwa kalamu ya risasi. Kila siku alihesabu maneno aliyoyaandika, akayatia katika orodha iliyotundikwa ukutani. Mara nyingi yalikuwa yapata 500 tu. Kumbukeni kwamba mtu huyu alikuwa akilipwa vizuri kwa maneno hayo, na bado hakuandika zaidi ya kurasa mbili au tatu kwa siku.

Tena hakuandika mpaka fikira zikakauka. Aliacha kazi akiwa bado ajua litakalofuata, ili kesho apate pa kuanzia. Wazee wetu wa mlimani walijua jambo hili katika maji. Bwawa la mfongo hufungwa jioni, likajaa usiku, na asubuhi hufunguliwa maji yaende migombani. Aliyemaliza maji yote jioni hana cha kumwagilia asubuhi.

Na kazi iliyokwisha kuandikwa haikuwa imekwisha. Mwisho wa A Farewell to Arms, kitabu kilichotoka mwaka 1929, aliuandika tena na tena. Mwaka 2012 wachapaji walitoa kitabu hicho pamoja na miisho yote iliyokutwa katika karatasi zake, ikahesabiwa 47. Ninapomrudishia mwanafunzi insha yake aiandike mara ya pili naye akakunja uso, namtajia idadi hiyo.

SAFARI YA KWANZA NA UGONJWA

Kufikia wakati huo Hemingway alikuwa ameachana na Hadley, akamwoa Bibi Pauline Pfeiffer. Mjomba wa Pauline, tajiri, alitoa fedha za safari ya Afrika. Desemba 1933 walishuka Mombasa, wakamchukua mwindaji Philip Percival awaongoze, wakavuka mpaka kuingia Tanganyika. Waliwinda Serengeti, wakapiga kambi Mto wa Mbu karibu na ziwa Manyara, wakashuka kusini hata nchi ya Kibaya kutafuta tandala. Pamoja nao alikuwapo rafiki mmoja, na kila Hemingway alipopata mnyama mwenye pembe nzuri, rafiki yule alipata mwenye pembe nzuri zaidi. Wivu ulimla Hemingway. Safari hiyo aliiandika katika Green Hills of Africa, kitabu kilichotoka mwaka 1935, wala hakuuficha wivu wake. Hilo nalisifu. Mtu anayeandika maisha yake akajionyesha kuwa mshindi siku zote haaminiwi.

Januari 1934 alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na amiba. Alidhoofu mpaka ikabidi ndege ndogo iletwe porini kumchukua. Ndege ilishuka Arusha kutia mafuta, kisha ikaelekea hospitali ya Nairobi, na njiani mgonjwa aliiona Kibo imesimama mbele yake, nyeupe katika jua. Hakupata kuupanda mlima wetu maisha yake yote. Aliuona kwa mbali tu, akiwa mgonjwa. Lakini hakusahau.

HADITHI YA MLIMA WETU

Aliporudi Marekani, mwanamke mmoja tajiri alijitolea kulipa gharama za safari ya pili. Hemingway alikataa kwa heshima. Baadaye akaanza kuwaza: mtu kama yeye angekuwaje kama angekubali, akaishi kwa fedha za mwingine, akaacha kazi yake? Kutokana na wazo hilo ilizaliwa The Snows of Kilimanjaro, yaani Theluji za Kilimanjaro, iliyotoka katika gazeti la Esquire mwezi Agosti 1936.

Habari yake kwa kifupi ni hii. Mwandishi mmoja, jina lake Harry, amelala kambini katika tambarare za Tanganyika. Alichomwa na mwiba gotini, hakupaka aidini mapema, na sasa mguu umeoza. Lori limeharibika, wanangojea ndege. Mkewe ni tajiri na ampenda, lakini Harry amwonea uchungu, kwa sababu katika raha za mali yake aliacha kuandika. Akiwa amelala anakumbuka mambo yote aliyoyaweka akiba ayaandike siku atakapokuwa ameiva: theluji za Ulaya, vita, mitaa ya Paris, misitu ya utotoni. Hata moja hakuliandika. Fisi wanazunguka kambi. Mwishoni aona kama ndege imekuja kumchukua, nayo badala ya kwenda Arusha yageuka, na mbele yake ni kilele cha Kibo, kipana kama dunia. Kumbe ni ndoto ya kufa.

Hemingway alisema baadaye kwamba katika hadithi hii moja alitia mambo ambayo mwingine angeyatungia vitabu vinne. Kwa njia hiyo alimshinda Harry. Yale ambayo Harry hakuyaandika, Hemingway aliyaandika kwa kusimulia kwamba Harry hakuyaandika.

Mwanzoni mwa hadithi aliweka maneno machache juu ya mzoga wa chui, mkavu, uliogandishwa karibu na kilele, akaacha swali la chui yule alitafuta nini huko juu. Chui huyu si wa kubuniwa. Mwaka 1926 Mchungaji Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyeupanda mlima huu mara nyingi, alimkuta chui aliyeganda kwenye ukingo wa Kibo, na mahali hapo pakaitwa ncha ya Chui. Chui hayupo tena siku nyingi. Na theluji yenyewe yapungua: barafu iliyopimwa mlimani mwaka 1912 imekwisha toweka kwa zaidi ya asilimia 80. Huenda wajukuu wenu watahitaji hadithi ile ili wajue kwamba Kibo ilikuwa nyeupe.

SAFARI YA PILI, AJALI NA TUZO

Vitabu vingine alivyoandika nitavipitia upesi. Mwaka 1940 ilitoka For Whom the Bell Tolls, juu ya vita vya Hispania ambavyo aliviona mwenyewe. Wakati huo alikuwa akikaa kisiwani Kuba. Mwaka 1952 ilitoka The Old Man and the Sea, habari ya mvuvi mzee aliyekamata samaki mkubwa, papa wakamla njiani. Gazeti la Life lililoichapa hadithi hiyo nzima liliuza nakala milioni tano kwa siku mbili.

Mwaka 1953 alirudi Afrika pamoja na Bibi Mary Welsh, mke wake wa nne. Safari hii kambi yake ilikuwa upande wa Kenya, katika nchi ya Kajiado, karibu na kinamasi cha Kimana, na kila asubuhi Kilimanjaro ilikuwa mbele yake. Serikali ya huko ilimpa cheo cha heshima cha bwana nyama. Aliwinda kidogo kuliko zamani, akapenda zaidi kutazama wanyama.

Januari 1954 alimkodishia mkewe ndege watembee kuangalia nchi. Tarehe 23, karibu na maporomoko ya Murchison katika Uganda, ndege iligonga waya wa simu ya zamani ikaanguka. Waliokolewa na mashua, wakafika Butiaba. Kesho yake ndege nyingine iliyokuja kuwachukua ikawaka moto ikiruka. Hemingway alivunja mlango kwa kichwa chake akatoka. Magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha tangaza kifo chake, naye akakaa Nairobi akiyasoma matanzia yake mwenyewe. Lakini fuvu lilikuwa limepasuka, na ini, figo na uti wa mgongo vilikuwa vimeumia. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Hakuweza kusafiri kuipokea, hotuba yake ikasomwa na mwingine.

KITABU KISICHOKWISHA

Sasa nafika kwenye jambo linalonigusa zaidi. Mwaka 1954 Hemingway alianza kitabu juu ya kambi ile ya chini ya Kilimanjaro. Aliandika kurasa zipatazo 850, akaacha mwaka 1956, akaziweka benki huko Kuba. Wakati huo huo alikuwa na miswada mingine mikononi: juu ya bahari na visiwa, juu ya mtu na mkewe katika pwani ya Ufaransa, na kumbukumbu za ujana wake Paris. Alihama kutoka huu kwenda ule, wala hakuridhika na hata mmoja.

Mwili na akili vilikuwa vimechoka. Majeraha ya kichwa, pombe aliyoinywa kupita kiasi kwa miaka mingi, na ugonjwa wa huzuni uliokuwa katika ukoo wao vilimlemea. Madaktari walimtibu kwa umeme, na matibabu yale yakamchukulia kumbukumbu, ambazo kwa mwandishi ndizo shamba lake. Tarehe 2 Julai 1961, nyumbani kwake Ketchum katika jimbo la Idaho, alijitoa uhai, kama baba yake alivyofanya mwaka 1928. Nasema jambo hili waziwazi kwa sababu halisaidii kulificha. Huzuni ya namna ile ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, wala si aibu. Mwanafunzi anayeona dunia inamwia nzito asikae nayo peke yake. Na amwendee mzazi, mwalimu au mganga.

Miswada ile ilitoka baada ya kufa kwake. Kumbukumbu za Paris zilitoka mwaka 1964 kwa jina la A Moveable Feast. Islands in the Stream ilitoka mwaka 1970, na The Garden of Eden mwaka 1986. Kitabu cha Afrika kilipunguzwa na mwanawe Patrick, kikatoka mwaka 1999 kwa jina la True at First Light, na mwaka 2005 kikatolewa karibu kizima kwa jina la Under Kilimanjaro. Watu wa Moshi yafaa wajue kwamba Patrick huyo alikaa Tanganyika tangu enzi ya Waingereza, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mwalimu katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, hapa hapa mlimani. Baba aliuona mlima kutoka ndegeni na kambini. Mwana alifundisha juu yake, na wanafunzi wake walikwenda kuwalinda wanyama wale wale ambao baba alikuja kuwawinda.

YALE AMBAYO HAKUYAONA

Singekuwa mwalimu mwema kama ningemsifu tu. Katika hadithi ya Harry, Waafrika wapo wa kuleta kinywaji na kubeba machela. Tambarare ni tupu, na mlima ni mtupu, ni mahali pa Mzungu kufia. Lakini mwaka 1933, mwaka ule ule Hemingway aliposhuka Mombasa, wakulima wa kahawa wa mlima huu waliunda Chama chao cha Ushirika, KNCU. Miteremko ya Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu na Mwika ilikuwa imejaa vihamba, mifongo, shule na mabishano ya watu wanaotaka kujiamulia mambo yao. Mlima wenyewe ulikuwa na njia zake tangu Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye hukumbukwa kuwa miongoni mwa walioongoza safari ya Hans Meyer ya mwaka 1889. Na miezi mitano tu baada ya Hemingway kufa, mwenge wa uhuru uliwashwa juu ya Kibo. Haya yote yalikuwa chini ya maji, kwa kufuata mfano wake wa barafu. Lakini yeye hakuyaacha kwa kuwa aliyajua. Aliyaacha kwa kuwa hakuyajua.

Je, tumlaumu? Aliandika alichokiona, naye alikiona kutoka kambini. Lililo muhimu kwetu ni nani ataandika yaliyobaki. Walioanza wapo. Mangi Petro Itosi Marealle aliandika juu ya maisha ya Mchagga kitabu kilichotoka mwaka 1947. Kutoka Tanga tunaye Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya Hemingway, naye pia aliacha miswada: Utubora Mkulima ilichapwa mwaka 1968, wakati mtungaji wake yu kaburini. Lakini soko la Kiboriloni alfajiri, bibi anayegombea zamu ya maji, kijana mpagazi anayebeba mzigo wa mgeni hata kileleni na kurudi na viatu vilivyotoboka: haya bado yangojea mtungaji.

Nawasihi basi wanafunzi wa shule hii msingoje kuiva. Kipande cha karatasi na kalamu ya risasi vyatosha. Andikeni maneno machache kila asubuhi kabla ya kengele, myahesabu, na kesho yake myasahihishe. Yakipotea, anzeni tena. Nanyi wazazi, mkimkuta mtoto ameketi chini ya mgomba akiandika jambo ambalo halimo katika mtihani, msimwite mvivu upesi. Gazeti hili hutoka kila muhula, na Mhariri hupokea hadithi za mlima huu mpaka juma la mwisho kabla ya likizo.